Muundo wa pamoja wa kubadilishana violezo vya nyaraka za afya: mwongozo kamili kwa mfano wa kadi ya wajawazito

Mama anaanza kliniki Mbagala mimba ikiwa na miezi mitatu. Wiki ya 34 anapanda basi kwenda kujifungulia kwao Njombe, kama walivyofanya dada zake. Kadi yake ya wajawazito, RCH-4, iko kwenye mkoba, na mkunga wa Njombe ataisoma bila taabu kwa kuwa ndiyo kadi anayoijaza kila siku. Sasa tuchukulie kwamba vituo vyote viwili vina kompyuta, na kila kimoja kilijengewa fomu yake na fundi wake. Kimoja kina kisanduku kimoja kiitwacho "BP" ambamo mtu huandika 120/80. Kingine kina visanduku viwili, cha presha ya juu na cha presha ya chini. Kimoja kinaandika wingi wa damu 11, kingine 110. Karatasi ilisafiri na maana yake. Kompyuta zimebaki kila moja na yake.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtaalamu wa TEHAMA wa hospitali, msimamizi wa takwimu, mkunga mwenye hamu ya jambo hili, au kampuni ndogo inayojenga mifumo ya vituo vya afya. Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kiolezo ni fomu tupu pamoja na kanuni zake: ina maswali gani, lipi ni la lazima, majibu gani yanakubalika. Waraka ni fomu hiyo ikishajazwa taarifa za mtu fulani. Muundo wa kubadilishana violezo ni namna moja iliyokubaliwa ya kukiandika kiolezo chenyewe, ili kitoke kwenye mfumo mmoja na kufunguliwa kwenye mwingine bila mtu kukichora upya. Wengi hukimbilia kutuma nyaraka zilizojazwa wakati hawajakubaliana kuhusu fomu tupu, na hapo ndipo kazi huharibika.

Walikopita wengine

Usianze kwenye uwanja mtupu. HL7, shirika la viwango vya kubadilishana taarifa za afya lililoanzishwa mwaka 1987, lilitoa mwaka 2005 toleo la pili la CDA, muundo wa nyaraka za tiba unaoandikwa kwa XML, lugha ya alama inayosomwa na kompyuta. Ndani ya CDA kila sehemu ya waraka inaweza kubeba kitambulisho kinachosema, "nimeandikwa kwa kufuata kiolezo fulani." Baada ya miaka kadhaa ilionekana kwamba violezo vyenyewe vilikuwa vimeandikwa kwenye vitabu vya kurasa nyingi ambavyo mtu anavisoma lakini kompyuta haivielewi. Mwaka 2014 HL7 ikachapisha kiwango cha majaribio kinachoeleza jinsi ya kuandika na kubadilishana violezo hivyo, na programu ya ART-DECOR, inayotumika Uholanzi na Austria miongoni mwa nchi nyingine, inafuata njia hiyo.

openEHR, jumuiya nyingine ya viwango vya kumbukumbu za afya, walipita njia nyingine. Wao huandika kwanza maelezo mapana ya jambo moja la kitabibu, kwa mfano kila kinachoweza kusemwa kuhusu kipimo cha presha, kisha kiolezo kinachota humo yale tu yanayohitajika kwenye fomu moja. Halafu kuna FHIR, lugha ya HL7 pia ya kubadilishana taarifa za afya, ambayo ndiyo mifumo mingi mipya inaitumia. Ina aina ya rasilimali iitwayo Questionnaire kwa ajili ya fomu, na nyingine iitwayo StructureDefinition kwa ajili ya kanuni za data. Kwetu wakusanyaji wa takwimu wanaijua zaidi XLSForm, fomu inayoandikwa kwenye jedwali la Excel na kufunguliwa na programu za ODK au KoboToolbox. Nayo ni muundo wa kubadilishana violezo, na urahisi wake una la kutufundisha: mtu asiyejua kuandika programu anaweza kuufungua na kuusoma.

Ushauri wangu ni kwamba msibuni lugha mpya ya kompyuta. Chukueni FHIR iwe msingi wa faili, na nguvu yenu iwekeni kwenye makubaliano ya maana. Hayo hakuna shirika la nje litakalowafanyia.

Hatua ya 1: Chagueni waraka mmoja, mkusanye karatasi na wenye karatasi

Mkianza na "nyaraka zote za hospitali" hamtamaliza. Kadi ya wajawazito inafaa kwa sababu mwenye nayo anahama, kadi inajazwa na watu tofauti kwa miezi kadhaa, na kosa dogo linaweza kugharimu uhai. Barua ya rufaa nayo inafaa.

Pateni nakala tupu ya kila fomu inayotumika kwenye vituo mnavyovihusisha, ya karatasi na ya kwenye skrini. Kama kuna washirika kutoka Kenya, leteni kitabu cha mama na mtoto, MOH 216. Zitandazeni zote mezani. Waitwe wakunga wanaozijaza, mtu wa maabara, mtunza takwimu anayehamishia kwenye rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), na mafundi wa kila mfumo. Mkunga achukuliwe kuwa ni mwenye shughuli, si mgeni mwalikwa, maana yeye ndiye anayejua ni kisanduku gani huachwa wazi kila siku na kwa nini.

Hatua ya 2: Andikeni maana kabla ya majina

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo watu hupita mbiombio. Kila kipengele cha kadi kiandikiwe sentensi moja au mbili zinazosema kinamaanisha nini, kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo kikaoni ataelewa vile vile.

Chukueni "mimba ya ngapi" na "amezaa mara ngapi". Yanaonekana maswali mepesi. Sasa ulizeni: mimba ya sasa inahesabiwa kwenye mimba ya ngapi? Kwa kawaida ndiyo, lakini wapo wanaoandika zilizopita tu. Aliyezaa mapacha amezaa mara moja au mara mbili? Kwa hesabu ya wakunga ni mara moja. Mtoto aliyefia tumboni anahesabiwa kuanzia wiki ya ngapi? Uingereza hutumia wiki 24. WHO, inapolinganisha nchi na nchi, hutumia wiki 28. Mifumo miwili inaweza kubadilishana namba 3 bila hitilafu yoyote ya kompyuta, na namba hiyo ikawa imedanganya. Ndiyo maana nasema maelezo ya maana yasafiri ndani ya faili ya kiolezo, yasiachwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mfano wa pili ni tarehe ya matazamio ya kujifungua. Kwa kawaida huhesabiwa siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Lakini mama akifanyiwa ultrasaundi mapema, tarehe inaweza kurekebishwa. Kiolezo kikibeba tarehe peke yake, mfumo unaopokea unaweza kuipiga hesabu upya kutokana na hedhi na kufuta marekebisho ya daktari bila yeyote kujua. Kwa hiyo vipengele viwe vitatu: tarehe ya hedhi, tarehe ya matazamio, na njia iliyotumika kuikadiria. Iongezwe kanuni kwamba njia ikiwa ni ultrasaundi, mfumo hauruhusiwi kuhesabu upya.

Mkishafanya hivi kwa vipengele ishirini mtakuwa mmechoka, lakini mtakuwa na kitu cha kweli mkononi.

Hatua ya 3: Amueni kisanduku kitupu kinasema nini

Kisanduku cha kipimo cha kaswende kikiwa kitupu, kuna habari angalau nne zinazoweza kuwa nyuma yake: mama hakupimwa kwa sababu vitendanishi viliisha, alipimwa na jibu halijatoka, hakutaka kupimwa, au mkunga alisahau kuandika. Kwa mkunga wa Njombe habari hizi haziko sawa hata kidogo. HL7 wana misimbo ya sababu za kukosekana kwa jibu, na FHIR ina nyongeza maalumu kwa kazi hiyo hiyo. Chagueni sababu chache ambazo watu watazitumia kweli, tano zinatosha. Na kamwe mfumo usigeuze kisanduku kitupu kuwa "hapana".

Hatua ya 4: Tenganisheni kinachoandikwa mara moja na kinachojirudia

Kadi ya karatasi ina safu wima, moja kwa kila hudhurio. Fundi akinakili karatasi alivyoiona, ataunda vipengele presha_1, presha_2, presha_3, presha_4. Ilionekana sawa enzi za utaratibu wa mahudhurio manne. Mwaka 2016 WHO ilipendekeza mama aonane na mhudumu mara nane, na fomu zilizojengwa kwa safu nne zikawa hazina pa kuandikia.

Kiolezo kiseme hivi: kuna kundi liitwalo hudhurio, linarudiwa kuanzia mara 1 bila kikomo, na ndani yake kuna tarehe, umri wa mimba kwa wiki, uzito, presha, kimo cha mfuko wa uzazi, mlalo wa mtoto, mapigo ya moyo wa mtoto, na kadhalika. Idadi ya safu zinazoonekana kwenye skrini au kwenye karatasi iliyochapishwa ni suala la mwonekano.

Papo hapo wekeni masharti. Kuna vipengele vya lazima, vya hiari, na vya lazima kwa sharti. Mlalo wa mtoto kwenye wiki ya 12 hauna maana, lakini wiki ya 36 unahitajika. Nawasihi muwe wachoyo wa neno "lazima". Kila kisanduku cha lazima ambacho mkunga hana jibu lake kitajazwa jibu la kubuni, kwa sababu mfumo haumruhusu kuendelea na foleni nje ni ndefu.

Hatua ya 5: Misimbo, vipimo, tarehe na saa

Kila kipengele kipewe msimbo kutoka kwenye orodha inayotambulika duniani. Kwa vipimo tumieni LOINC, ambayo ni ya bure: presha ya juu ni 8480-6, presha ya chini ni 8462-4, himoglobini (wingi wa damu) ni 718-7, tarehe ya hedhi ya mwisho ni 8665-2. Kwa magonjwa kuna ICD, orodha ya WHO. SNOMED CT, orodha ya istilahi za kitabibu, ni pana zaidi, ila matumizi yake yana leseni, kwa hiyo hakikisheni haki zenu kabla ya kuiingiza kwenye kiolezo mtakachokigawa.

Vizio vya vipimo viandikwe kwa UCUM, utaratibu wa kimataifa wa kuandika vizio, ambapo himoglobini ni g/dL na presha ni mm[Hg]. Kumbukeni ile 11 na 110: 11 kwa g/dL ni sawasawa na 110 kwa g/L, na chini ya hapo mjamzito kwa kawaida anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Namba bila kizio chake isikubaliwe kabisa.

Tarehe iandikwe mwaka kwanza, 2025-04-03, kwa sababu 03/04/2025 ni tarehe tatu Aprili kwetu na tarehe nne Machi kwa programu iliyotengenezwa Marekani. Saa inahitaji uangalifu wa pekee kwa watu wa lugha yetu. Mkunga akiandika kwenye karatasi kwamba uchungu ulianza saa 2:30, anaweza kuwa anasema asubuhi baada ya jua kuchomoza, ambayo kompyuta inaiita 08:30. Kwenye faili iwe 2025-04-03T08:30:00+03:00, pamoja na tofauti ya majira, kwani Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu na akina mama wa Kigoma na Kagera wanavuka mipaka. Kwenye skrini mwacheni mkunga achague "asubuhi, mchana, jioni, usiku" na saa ya Kiswahili, kisha mfumo ubadilishe wenyewe.

Orodha za majibu nazo ziwe na misimbo, si namba tupu. Kama fomu moja inahesabu 1 kuwa "ana maambukizi" na nyingine inahesabu 1 kuwa "hana", hiyo kwenye kipimo cha VVU ni ajali inayosubiri siku yake.

Hatua ya 6: Bahasha ya kiolezo

Kiolezo kinachosafiri kinahitaji utambulisho wake, kama barua inavyohitaji bahasha. Haya ndiyo ya chini kabisa:

kitambulisho: https://example.org/violezo/kadi-ya-wajawazito
toleo: 2.0.0
hali: rasimu
mmiliki: kikundi kinachokitunza
dhumuni: kufuatilia mimba tangu hudhurio la kwanza hadi kujifungua
lugha: sw, en
linachukua nafasi ya toleo: 1.4.0
kinaanza kutumika: 2025-07-01
ruhusa ya matumizi: huru, mmiliki atajwe

Na kipengele kimoja ndani yake kitakuwa hivi:

kipengele: wingi-wa-damu
maana: kiasi cha himoglobini kilichopimwa kwenye damu ya mama katika hudhurio hili
msimbo: LOINC 718-7
aina: namba yenye kipimo
kipimo: g/dL
mara: 0 hadi 1 kwa kila hudhurio
onyo: chini ya 3 au juu ya 20, mfumo uulize tena
sababu za kukosekana: orodha ya sababu, toleo la 1
lebo ya sw: Wingi wa damu

Nimeandika kwa majina ya Kiswahili ili mjadala wa kikao uwe wepesi. Mkifika kwenye faili yenyewe, fuateni majina ya FHIR kama yalivyo.

Kitambulisho kikishatolewa hakibadiliki na hakipewi kiolezo kingine, hata cha kwanza kikifa. Marekani, kwenye violezo vyao vya CDA viitwavyo C-CDA, toleo la 2.1, kila kitambulisho huambatana na tarehe ya toleo lake, 2015-08-01, ili waraka useme wazi umefuata toleo lipi. Igeni hilo: kila waraka uliojazwa utaje kitambulisho cha kiolezo pamoja na toleo.

Hatua ya 7: Maneno ya kwenye skrini yakae kando

Kipengele ni kimoja, lebo zinaweza kuwa nyingi. Mkunga mmoja anasema presha, mwingine shinikizo la damu. Bujumbura watataka Kifaransa. Lebo ziorodheshwe kwa lugha pembeni ya kipengele, na kubadilisha lebo kusiguse maana wala msimbo. Rangi, ukubwa wa visanduku na mpangilio wa kurasa viwekwe kwenye sehemu tofauti ambayo mpokeaji anaweza kuipuuza.

Tafsiri za maswali anayoulizwa mama moja kwa moja zijaribiwe kwa akina mama wenyewe. Swali kuhusu ukatili nyumbani, au kuhusu mimba iliyoharibika, likiandikwa kwa ukavu wa kiofisi halipati jibu la kweli.

Hatua ya 8: Faili yenyewe

JSON au XML, namna mbili za kuandika faili ya data, zote zinafaa, na FHIR inakubali zote mbili. Chagueni moja iwe ya lazima kwa wote. Sehemu za kliniki zenye maswali ziwekwe kwenye Questionnaire, orodha za majibu kwenye ValueSet, kisha zote zifungwe kwenye Bundle moja, yaani kifurushi cha FHIR, ili anayepokea asikute kiolezo kinachotaja orodha ambayo hana. Hili ni muhimu kwa zahanati ambako intaneti hukatika. Kifurushi lazima kijitosheleze hata kikiletwa kwa flashi.

Wakunga waendelee kupendekeza mabadiliko kwenye jedwali la Excel, na fundi aandike programu ndogo inayogeuza jedwali kuwa JSON.

Hatua ya 9: Jaribio la nenda-rudi

Kiolezo kinatoka mfumo A, kinaingizwa mfumo B, kinatolewa tena B na kurudishwa A. Linganisheni faili ya mwanzo na iliyorudi, mstari kwa mstari. Kilichopotea njiani ndicho ambacho mfumo B haukielewi. Aghalabu hupotea masharti, sababu za kukosekana, na tafsiri.

Kisha jazeni nyaraka za majaribio, angalau moja sahihi kabisa na kadhaa zenye makosa ya makusudi au hali zisizo za kawaida: presha bila kizio, tarehe ya hedhi ya mwaka ujao, mahudhurio tisa, mama asiyejua siku ya hedhi yake. Mifumo yote ikubali zile zile na ikatae zile zile. Majina na taarifa za majaribio ziwe za kubuni. Kiolezo hakina siri ya mtu, lakini nyaraka zilizojazwa zinazo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 hazitoi msamaha kwa sababu mlikuwa mnajaribu tu.

Jaribio la mwisho lifanyike kliniki, asubuhi yenye watu. Mkunga ajaze kwenye kiolezo kilichoingizwa kutoka mfumo mwingine huku fundi akikaa kimya na kuandika anachokiona.

Hatua ya 10: Rejesta, matoleo, na mwenye neno la mwisho

Violezo vyote vikae mahali pamoja panapofikika na kila mshirika, kila toleo likiwa na historia yake. Ajulikane anayepokea maombi ya mabadiliko na anayeamua. Kikundi cha watu watano, wawili wao wakunga, kinafanya kazi vizuri kuliko kamati ya watu thelathini. Wizara ishirikishwe tangu mapema, kwani kadi ni yake, na kiolezo kinachopingana na kadi ya taifa kitawachosha wakunga kwa kujaza mara mbili.

Namba za matoleo ziseme uzito wa badiliko. Kurekebisha tahajia ya lebo ni 2.0.1. Kuongeza kipengele cha hiari ni 2.1.0. Kuondoa kipengele, kukifanya cha lazima, au kugeuza kipimo ni 3.0.0. Maana ya kipengele ikibadilika, msikibadilishe: kistaafisheni na muunde kipya chenye jina jipya, ili data ya zamani isije ikasomwa kwa maana ambayo aliyeiandika hakuikusudia.

Toleo jipya likianza kutumika, la zamani lisizimwe siku hiyo. Mama aliyefunguliwa kadi mwezi Juni kwa toleo la 2 atajifungua mwishoni mwa mwaka au hata Januari, na kadi yake inapaswa kusomeka hadi siku hiyo, kisha wiki sita za kliniki baada ya uzazi. Kwa waraka huu, basi, mifumo yote iendelee kupokea matoleo mawili kwa miezi kumi na miwili, na tarehe ya kulifunga la zamani iandikwe kwenye bahasha tangu siku ya kwanza.